Mafumbo ya Riven Si Mali ya Waliotangulia

Bibi yetu alipotutegea vitendawili jioni, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto mdogo aliijua: anayejua jibu hufunga mdomo. Kwetu Rwanda mtegaji husema "Sakwe sakwe!" nasi hujibu "Soma!" Waswahili husema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!" Maneno yanatofautiana, lakini sheria ni ileile. Bibi akisema kwamba nyumba yake haina mlango, na kaka yako mkubwa akaropoka "Yai!" kabla hujapata muda wa kufikiri, kaka hajashinda. Ameharibu. Wala bibi hana njia ya kukurudishia kitendawili kile. Itabidi atege kingine.

Nimeanza na sheria hiyo kwa sababu nataka kubishana na watu wanaoivunja, kisha wanalalamika kwamba wao ndio walioibiwa. Ni wachezaji wa siku nyingi wa mchezo wa kompyuta uitwao Riven, uliotolewa mwaka 1997 na kuundwa upya mwaka 2024. Wapo miongoni mwao wanaosema kwamba mchezo mpya umeharibiwa kwa kuwa mafumbo yake yamebadilishwa. Mimi nadai kinyume. Kubadilisha mafumbo ndilo jambo la haki kuliko yote waliyoyafanya waundaji, na wasingelifanya, wasingekuwa na sababu ya maana ya kutuuzia mchezo ule mara ya pili.

Kwa wenzangu wasioufahamu, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Cyan, ya ndugu wawili Rand na Robyn Miller katika jimbo la Washington, Marekani, ilitoa mchezo uitwao Myst. Haukuwa na bunduki, wala adui wa kukimbizana naye, wala saa ya kumharakisha mtu. Mchezaji alijikuta peke yake kisiwani, bila maelezo yoyote, akatakiwa aelewe mitambo aliyoikuta. Watu wengi wa biashara ya michezo wangedhani kitu cha namna hiyo hakiuziki. Kiliuzika nakala zaidi ya milioni 6, kikawa mchezo wa kompyuta uliouzwa kuliko yote, hadi The Sims ulipoupita mwaka 2002.

Riven ndio mwendelezo wake. Ulikuja katika sidii tano, na mara nyingi mchezaji alilazimika kutoa moja na kuingiza nyingine alipovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mtu aitwaye Atrus anakutuma ukamwokoe mkewe Catherine, anayeshikiliwa huko Riven. Mtawala wa visiwa hivyo ni Gehn, baba yake Atrus mwenyewe, ambaye amejifanya mungu mbele ya wenyeji.

Kinachoutofautisha Riven na michezo mingine mingi ya mafumbo ni kwamba mafumbo yake hayakubandikwa juu ya hadithi kama kufuli juu ya mlango. Fumbo na maisha ya watu wa pale ni kitu kimoja. Chukua mfano wa tarakimu. Huwezi kufika mbali bila kujua namna wanavyohesabu, na hawahesabu kwa makumi kama sisi. Hesabu yao imejengwa juu ya tano na ishirini na tano, na alama ya tano ni alama ya moja iliyolazwa upande. Hakuna anayekufundisha. Unaingia katika chumba cha shule kisicho na mtoto hata mmoja, na humo unakuta mwanasesere wa kujifunzia: vijitu viwili vimening'inizwa juu ya kinywa cha mnyama wa baharini mwenye meno, aitwaye wahrk. Ukizungusha, tarakimu hutokea, na kijitu kimoja hushuka hatua zile zile kuelekea kwenye meno. Hivyo ndivyo watoto wa Riven walivyofundishwa kuhesabu. Ukiondoka katika chumba kile umejifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani hesabu ya nchi ile na ukatili wa mtawala wake.

Mfano huu nimeueleza kwa sababu hauna jibu la kuharibu. Mengine sitayataja. Sheria ni sheria.

Sasa tuje kwenye maoni ya wachezaji. Ukiyasoma kwa wingi unaona kwamba waliotangulia wanalaumu mambo matatu. La kwanza ni picha. Riven wa 1997 ulikuwa wa picha tuli: unabofya, inakuja picha nyingine. Katika Riven mpya unatembea na kugeuka utakavyo. La pili ni sura za watu. Zamani walikuwa waigizaji wa kweli waliopigwa filamu, na John Keston ndiye aliyeigiza Gehn. Sasa ni miili iliyotengenezwa kwa kompyuta. La tatu ni mafumbo. Fumbo la wanyama na fumbo la gololi, yaliyo maarufu kuliko yote, yamepangwa upya.

Sitaki kuwaonea. Katika mambo mawili ya kwanza wana hoja, na hoja nzito. Picha tuli haikuwa udhaifu wa kompyuta za wakati ule tu. Aliyeipanga aliamua jicho lako litue wapi, mwanga uangukie nini na kivuli kifiche nini. Kuna mlango mmoja katika mchezo ule, na waliocheza wanaujua, ambao siri yake ilitegemea kabisa kwamba ukishapita, picha ya nyuma imekwisha kukutoka akilini. Mtu aliye huru kugeuza shingo hadanganyiki kwa urahisi namna hiyo. Kuhusu sura, nakubali pia. Uso wa mtu anayesema uongo kwa upole una mambo madogo ambayo mwili wa kompyuta bado haujayaweza. Anayesema Gehn wa zamani alimtisha zaidi, simpingi.

Lakini katika jambo la tatu, ambalo ndilo wanalolipigia kelele kwa uchungu, nasema wamekosea. Na ninasema hivyo kwa sababu niliwahi kuwa upande wao, kwa muda wa saa mbili hivi.

Nilicheza Riven wa zamani kwenye simu nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilianza vizuri. Nilikuwa na daftari, nilichora ramani, niliandika sauti za wanyama kwa silabi kama mtu anayeandika lugha isiyo na alfabeti. Kisha nikafika kwenye fumbo la gololi. Mbele yangu palikuwa na ubao wa matundu 25 kwa 25, yaani matundu 625, pamoja na gololi chache za rangi mbalimbali. Nilikaa nao usiku mmoja. Usiku wa pili nikatafuta mwongozo wa majibu.

Nilijiambia nitaangalia hilo moja tu. Kila aliyewahi kuchungulia jibu anajua kilichofuata. Fumbo lililokuja baadaye nililipa dakika kumi badala ya usiku mzima, na lililofuata sikulipa hata dakika. Mchezo ambao ungenichukua wiki kadhaa niliumaliza alasiri moja, kama mtu anayejaza fomu: hapa andika hiki, pale bonyeza kile. Tarakimu nilizipata zote bila kumtazama mwanasesere vizuri. Nilimwokoa Catherine, na sikuhisi chochote. Mwongozo ulikuwa umenipa tarakimu lakini haukunipa hofu ya wale watoto.

Kilichoniuma ni kutambua kwamba kosa lile halikuwa na toba. Riwaya unaweza kuisoma tena ukafurahi zaidi ya mara ya kwanza. Wimbo unaweza kuusikia mara mia. Fumbo ukishalijua, limekwisha. Nilikuwa nimejiibia kitu, na hata mimi mwenyewe nisingeweza kukirudisha.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikaa kwa binamu yangu mjini Kigali. Anahariri video za harusi, kwa hiyo kompyuta yake ina nguvu, na alikuwa amenunua Riven mpya bila kuwahi kuucheza ule wa zamani. Nilikaa pembeni yake kama mwalimu. Nilikuwa na majibu yote kichwani, na nilikuwa nikiyameza kwa shida ili nisimharibie. Tulipofika pahali nilipodhani ninapajua, nikamwomba kipanya nimwonyeshe kidogo tu. Nikaweka jibu. Halikukubali. Nikaweka tena. Nikazunguka kutafuta vitu nilivyovikumbuka, vingine havikuwepo na vingine vilikuwa vimepewa kazi nyingine.

Nilikasirika. Nilisema maneno yaleyale ambayo baadaye nilikuja kuyasoma kwa wengine: wameharibu, wamegusa kisichoguswa, hawakuheshimu kazi yao wenyewe. Binamu yangu alinisikiliza, kisha akachukua kipanya chake. "Hicho unachokitafuta hakipo," akaniambia. "Acha kusimulia, tuangalie."

Na aliangalia. Kwa siku mbili zilizofuata yeye ndiye aliyeona mambo, si mimi. Aliona alama niliyoipita mara nne kwa kuwa nilidhani ninaijua. Aliuliza kwa nini kitu fulani kiwe upande huu na si ule, swali ambalo mimi sikuliuliza hata mara moja, kwani kwangu kila kitu kilikuwa na jibu tangu zamani. Siku ya tatu nikafungua daftari jipya. Nilirudi katika chumba cha shule nikakaa humo hadi nikajua kuhesabu kwa akili yangu mwenyewe. Tulipolifungua fumbo kubwa, ilikuwa usiku wa manane, na mama yake alikuja kugonga mlango akiuliza nani amekufa. Sitasema lilikuwa fumbo lipi. Nasema tu kwamba kile nilichojiibia kwenye simu nilirudishiwa, na nilirudishiwa kwa sababu mafumbo yalikuwa yamebadilishwa.

Ndiyo maana malalamiko ya waliotangulia hayaniingii akilini. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Wanasema mafumbo ya 1997 yalikuwa makamilifu. Nauliza: wamejuaje? Wamejua kwa sababu waliyafumbua, na mtu hulipenda fumbo alilolifumbua kama anavyoupenda mlima alioupanda. Lakini fumbo haliwezi kupimwa na mtu anayejua jibu lake. Anachokipima ni kumbukumbu yake. Wakati ule wengi walikwama kama nilivyokwama mimi, na vitabu vya majibu viliuzwa madukani mwaka uleule mchezo ulipotoka. Enzi safi ambayo kila mchezaji alikaa na daftari lake mpaka akashinda, naona ni enzi ya kusimuliwa zaidi kuliko ya kweli.

Wanasema mafumbo mapya ni mepesi. Huenda mengine ni mepesi. Lakini mtu anayekijua kila kisiwa, anayemjua Gehn na hila zake, ambaye hata hesabu ya tano tano aliizoea akiwa kijana, hawezi kuwa shahidi wa wepesi. Msafiri aliyeipita njia mara kumi husema safari ni fupi. Muulize anayeipita mara ya kwanza. Binamu yangu hakuona wepesi wowote.

Wanasema kazi bora haiguswi. Lakini haikuguswa. Riven wa 1997 bado unauzwa kama ulivyokuwa, picha zake tuli na waigizaji wake wote wamo. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Tena waundaji wenyewe hawakuwahi kuamini majibu ya kukariri. Hata katika mchezo ule wa kwanza, baadhi ya namba za siri hubadilika kila mchezo unapoanzishwa upya, ili usipite kwa kumbukumbu ya jirani. Waliobadilisha mwaka 2024 wameendeleza walichokianza 1997, ila safari hii wamekipeleka mbali zaidi.

Na kuna mgongano mmoja ambao sijaona wakiujibu. Waliopaza sauti wakitaka Riven ujengwe upya ni haohao waliotangulia. Wengine hawakungoja, kikundi cha mashabiki kilianza kuvijenga visiwa hivyo kwa mikono yao miaka mingi kabla Cyan haijatangaza toleo lake mwaka 2022. Walichokitaka kilikuwa kutembea kwa miguu mahali walipopaona kwa picha tu. Ni tamaa nzuri, nami ninaielewa. Lakini mtu huingia mahali pa Riven kwa kushangaa. Ukiingia ukiwa na funguo zote mfukoni, umeingia makumbusho. Walitaka wawe wageni tena, na walipopewa ugeni wakalalamika kwamba wamepotea.

Nimewatetea waundaji kiasi cha kutosha. Sasa niwalaumu, maana kuna lawama ambayo waliotangulia hawaitaji kwa kuwa haiwagusi. Riven wa zamani unachezeka kwenye simu. Mpya ulipotoka ulidai kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, au miwani ya uhalisia pepe. Katika hosteli yetu sijui mwanafunzi hata mmoja mwenye kifaa cha namna hiyo. Mimi niliucheza kwa bahati ya kuwa na binamu anayehariri harusi. Hivyo mafumbo ambayo hayajaropokwa bado, yale ambayo mgeni kabisa angeweza kuyafaidi, yamewekwa mahali ambapo wageni wengi hawafiki, na sisi tumebakiziwa yale ambayo majibu yake yameenea kila kona kwa zaidi ya miaka 20. Kama wachezaji wa siku nyingi wangetumia nusu ya hasira yao kudai mafumbo mapya yaletwe pia katika umbo jepesi la picha tuli, ningesimama nao mstari wa mbele. Tena wangepata picha zao walizozililia. Lakini hasira yao imeelekezwa kwingine, kwenye kutaka mgeni apewe jibu lao.

Wenzangu wa idara ya Kiswahili mnaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Wote tunalijua faili lile linalozunguka kwenye simu zetu kila muhula unapoisha, lenye maswali ya miaka iliyopita na majibu yake. Nimelitumia. Ngeli za majina nilizipita kwa faili lile: nilijua swali la nne huuliza nini na hujibiwa vipi, nikapata alama nzuri, na wiki mbili baadaye nikashindwa kumwambia mama muuza nyanya sentensi moja bila kuchanganya viambishi. Alinicheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Muhula uliofuata mhadhiri mmoja akabadilisha maswali yote. Mnakumbuka kelele zilizopigwa koridoni. Tulisema ametuonea, amebadilisha mtihani, hakuheshimu utaratibu. Nami nilipiga kelele pamoja nanyi.

Sasa naona tulikuwa kama wale wachezaji. Tulikuwa na funguo za mlango ambao haukuwepo tena, tukamlaumu fundi. Mhadhiri alikuwa amefanya kama bibi anavyofanya kaka mkubwa akisharopoka: alitega kingine. Muhula ule nilipata alama za chini kuliko zote nilizowahi kupata katika Kiswahili, na ndio muhula ambao nilijifunza ngeli.

Kwa hiyo nawaambia waliotangulia, wa Riven na wa mitihani pia: asanteni kwa kuipenda njia mliyoipita. Sifieni picha za zamani, mlilieni Gehn wa zamani, haki hiyo ni yenu. Lakini fumbo likitegwa upya, kaeni kando, fungeni mdomo, mtuache tukosee wenyewe.